Elimu Isiyo na Kombi
Utangulizi kwa wanaoanza shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha Kikatoliki

Mwaka 1974 Tanzania ilijiwekea kiwango cha muda cha floridi katika maji ya kunywa ya vijijini: miligramu 8 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Aliyekulia chini ya Mlima Meru hahitaji maabara ili ajue maana ya pengo hilo. Anayaona meno ya kahawia ya majirani, pengine na ya kwake mwenyewe akijitazama kwenye kioo, na katika baadhi ya vijiji amewaona watoto waliopinda miguu na wazee waliokakamaa mgongo. Wanafunzi wapya huwa nawauliza swali moja tu juu ya namba hiyo: waliokiweka kiwango cha 8, walikosea?

Waliosoma kombi za sayansi, PCB na CBG, ndio huwa wa kwanza kunyoosha mkono. Walikosea, wanasema, mwili haujui umaskini wa nchi, na floridi ikizidi huingia kwenye mifupa ya Mtanzania sawasawa na inavyoingia kwenye ya Mswisi. Ni jibu zuri. Kisha mtu wa EGM, kombi ya uchumi, anauliza ni visima vingapi vingebaki wazi Arusha, Singida na Shinyanga kama serikali ingeshika 1.5 mwaka ule, na akina mama waliofungiwa kisima wangechota wapi. Kwenye madimbwi, anajibu mwenzake, pamoja na kuhara na homa ya matumbo. Hapo darasa hupoa, kwa sababu imeanza kuonekana kwamba 8 haikuwa namba iliyosomwa kwenye kipimo. Mkemia alipima maji. Aliyeandika 8 alichagua: ugonjwa upi tutauvumilia, kwa muda gani, na katika miili ya watoto wa nani. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na siku hizi ni 1.5 kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Karatasi imerekebishwa, chemchemi nyingi za Meru bado zinatoa maji yaleyale, kwa kuwa floridi hiyo inatoka kwenye miamba ya volkeno, na volkeno haisomi Gazeti la Serikali.

Uwanja ninaowakaribisha unaanzia kwenye maswali ya namna hiyo. Vyuo huuita elimu ya jumla. Kwenye ratiba zenu mtaukuta kwa majina mengine: falsafa, maadili, stadi za mawasiliano, DS, dini na jamii. Sifa zake mbaya zimewatangulia hata kabla hamjasajiliwa. Ni kozi za kujazia, mmeambiwa, za kusoma wiki moja kabla ya mtihani wa chuo, UE, za kuombea C ili GPA isianguke na sapu, mtihani wa kurudia, isikupate. Nadhani sifa hizo mmekuja nazo kutoka kidato cha sita, ambako GS, General Studies, lilikuwa somo la kila mtu na kwa hiyo halikuwa la mtu yeyote. Heshima yote ilikuwa kwenye kombi. Mtu alijitambulisha kwa herufi tatu, akachagua marafiki kwa herufi tatu, na wazazi wakatangaza herufi hizo kanisani.

Sina nia ya kuwavua herufi zenu. Daktari anayejua anatomia nusunusu ni hatari kwa wagonjwa, na mhasibu mwenye moyo mwema asiyejua kufunga hesabu atawafukuzisha wenzake kazi. Chuo kinachoitwa cha Kikatoliki kikitoa wahitimu wasiojua kazi zao kimewadanganya wazazi waliouza ng'ombe, na sala haiwezi kufidia hilo. Lengo la elimu ya jumla liko pembeni ya ubobezi na halishindani nao: kwamba mtu aliyebobea aweze kutambua mahali ambapo somo lake linaishia, ajue wa kumuuliza kuanzia hapo, na aweze kubishana juu ya lililo jema bila kujificha nyuma ya vipimo vyake. Ukiniuliza malengo mengine yote yaliyoandikwa kwenye miongozo ya vyuo, nitakwambia mengi ni watoto wa hilo moja.

Mfano wa magadi unanisaidia kulieleza. Kwa miaka mingi wataalamu waliopima maji ya eneo hili la Meru walikutana na jambo lililowachanganya: mahali pengine floridi kwenye maji ilikuwa ya wastani, ila meno ya watoto yaliharibika kuliko ilivyotarajiwa. Watafiti wa afya ya kinywa walipogeuka kutoka bombani kwenda jikoni wakakuta jibu. Magadi tunayotia kwenye maharage, kande na makande ya maziwa ili viive upesi hubeba floridi nyingi. Hakuna kipimo cha maji ambacho kingeweza kusema hivyo. Ilihitajika mtu wa kukaa na mama jikoni na kumuuliza anapikaje, na kwa adabu, maana mgeni anayeingia jikoni kwa mtu akichungulia sufuria hafiki mbali. Adabu hiyo nayo ni sehemu ya utafiti, na sijaona kombi inayoifundisha.

Elimu ya jumla katika vyuo vyetu ina koo tatu, na si vibaya kuzijua kwa sababu bado zinagombana ndani ya mtaala mmoja.

Ukoo wa kwanza ni wa John Henry Newman, padri Mwingereza aliyetoka Anglikana kuja Ukatoliki mwaka 1845. Maaskofu wa Ireland walimwita aanzishe chuo kikuu Dublin, na mwaka 1852 akatoa mihadhara ambayo hadi leo watu wa uwanja huu hawaikwepi. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2019 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 2025. Hoja yake inayonivutia zaidi ni ile ya nafasi iliyoachwa wazi. Elimu zote, anasema, zinategemeana na kurekebishana. Ukiiondoa mojawapo, nafasi yake haibaki tupu, jirani zake wanaivamia na kuanza kusema mambo wasiyo na uwezo nayo. Yeye alikuwa akitetea teolojia, kwamba chuo kikiiondoa, wachumi na wanasayansi wataanza kuhubiri bila kujijua. Hoja hiyo inafanya kazi hata kwa upande wa pili: chuo cha Kikatoliki kikiipuuza kemia au uchumi, wanateolojia ndio wataanza kutoa majibu ya floridi. Nimewasikia wakijaribu.

Newman ana upungufu wake kwetu. Kijana aliyemfikiria ni mtoto wa nyumba yenye nafasi, asiyeulizwa na mtu nyumbani kama bumu la mkopo limeingia. Aliamini kwamba ujuzi ni mwema kwa wenyewe, hata usipoleta faida. Naamini hivyo pia. Lakini ukilisema hilo mbele ya darasa ambalo nusu yake wana wadogo wanaosubiri ada, lazima uwe tayari kwa kicheko.

Ukoo wa pili umezaliwa Dar es Salaam, na ulizaliwa kwa ugomvi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) baada ya masomo. Rais Nyerere alikasirika, akawarudisha mamia makwao, na siku hiyohiyo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Swali lililobaki lilikuwa la kielimu: chuo kimewafundisha nini watu hawa hata wakaiona nchi yao kama mdeni wao? Machi 1967, mwezi uleule ambao Elimu ya Kujitegemea ilitolewa, ulifanyika mkutano wa kujadili nafasi ya chuo hicho katika Tanzania ya kijamaa. Katika mijadala hiyo ndimo zilimotoka kozi za pamoja ambazo kila mwanafunzi alitakiwa kuzisoma, awe wa sheria au wa sayansi, na baadaye zikakomaa kuwa Taaluma za Maendeleo. Hiyo DS mnayoilalamikia imetoka huko.

Hapa naongeza jambo dogo ambalo wenzangu wa kozi rasmi hawalipendi. Darasa lililochemka kuliko yote Dar es Salaam ya zama zile, enzi za akina mwanahistoria Walter Rodney na jarida la wanafunzi la Cheche, halikuwa na krediti wala mtihani. Wanafunzi wenyewe waliliandaa, siku za Jumapili asubuhi, wakasoma vitabu vizito na kubishana hadi mchana. Kama Mkatoliki ninasikitika kidogo kuhusu saa waliyoichagua. Kama mwalimu ninawaonea wivu.

Na Nyerere mwenyewe alisomaje? Mwaka 1949 aliacha kufundisha baiolojia na historia St. Mary's, Tabora, shule ya Kanisa, akaenda Edinburgh. Huko hakubobea katika somo moja. Alichukua shahada ya jumla: fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, anthropolojia ya jamii, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Ofisa ajira wa leo akipewa transkripti hiyo atauliza, sasa huyu anajua nini hasa? Alihitimu mwaka 1952. Mwaka huohuo, huko New York, Kirilo Japhet wa Meru alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kulalamikia kuhamishwa kwa nguvu watu wa Engare Nanyuki, ambao nyumba zao zilikuwa zimechomwa mwaka mmoja nyuma ili ardhi wapewe walowezi. Aliyemsindikiza ni Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Wameru wale walikuwa Walutheri wengi wao, jambo ninalowakumbusha Wakatoliki wenzangu kila tunapotaka kudhani kwamba haki katika mlima huu ina dhehebu.

Ukoo wa tatu ni wa Roma. Tarehe 15 Agosti 1990 Papa Yohane Paulo II alitoa katiba ya kitume iitwayo Ex Corde Ecclesiae, inayosema chuo kikuu cha Kikatoliki ni nini. Inataka utafiti wake uwe na mambo manne: kutafuta kuunganisha elimu zilizotawanyika, mazungumzo kati ya imani na akili, kujali maadili, na jicho la kiteolojia. Inataka pia maadili ya kila taaluma yafundishwe ndani ya masomo ya taaluma hiyo, na uhuru wa dhamiri ya kila mtu uheshimiwe. Papa Fransisko aliongeza uzito mwaka 2015 kwa Laudato Si', waraka unaolalamika kwamba ubobezi umetufanya tushindwe kuona kitu kizima, na unaoyaita maji safi haki ya msingi ya binadamu.

Vyuo vya Kikatoliki vya nchi yetu, SAUT iliyokua kutoka chuo cha Nyegezi, Mwenge pale Moshi, Ruaha kule Iringa, Bugando ya madaktari, vimerithi koo zote tatu, na juu yake desturi ya Kiingereza ya kumpeleka kijana moja kwa moja kwenye fani yake. Ndiyo maana ratiba zinasongamana. Ndiyo maana pia mwalimu wa maadili hujikuta na wanafunzi mia kadhaa kwenye ukumbi mmoja, kipaza sauti kinakatika, na nje ya geti desa la majibu ya miaka minne iliyopita linauzwa kwenye kibanda cha fotokopi. Malengo mazuri yakifundishwa hivyo yanazaa kinyume chake: mwanafunzi anajifunza kwamba maadili ni kitu cha kukariri na kutapika. Kozi ya namna hiyo ningependa ifutwe kuliko kuendelea, na nimewahi kusema hivyo vikaoni bila kupata wa kuniunga mkono.

Turudi kwenye maji ya Meru, safari hii mtoni. Mto Nduruma unaanzia kwenye misitu ya mteremko wa kusini wa Meru, unashuka kati ya migomba na kahawa za Wameru na Waarusha, unavuka barabara kuu ya Moshi, unapita ukanda wa mashamba makubwa, halafu unafika tambarare ya Nduruma kwenye mahindi, maharage, mboga na mifugo, kabla ya kuingia mto Kikuletwa na hatimaye bwawa la Nyumba ya Mungu. Juu kuna mifereji ambayo mababu waliichimba kabla ya sheria yoyote ya maji kuandikwa. Katikati kuna ardhi iliyotwaliwa enzi za ukoloni, na sehemu yake siku hizi inalimwa maua na mboga za kusafirishwa Ulaya. Chini kuna wakulima ambao maji huwafikia yakiwa yamepita mikononi mwa wote hao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali, na kibali kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mwenye shamba kubwa anacho kwenye faili. Mkulima ana zamu yake, inayojulikana kwa mwenyekiti wa mfereji na kwa majirani.

Ugomvi wa mto huu umeandikwa kitaaluma. Mwaka 2016 Chris de Bont na wenzake, akiwemo Hans Komakech wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa jirani, walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba maji ya Nduruma yanagombewa katika ngazi kadhaa kwa wakati mmoja: kwenye banio lenyewe, kwenye kanuni, na kwenye maneno. Jambo hilo la maneno ndilo ninalotaka mlishike. Shamba lenye umwagiliaji wa matone linajieleza kuwa linatunza maji. Mkulima wa mfereji anaelezwa kuwa anayapoteza. Lakini maji yanayovuja kwenye mfereji wa udongo hayaendi mbinguni; mengine yanazama na kuibuka chini, kwenye shamba au kisima cha mwingine. Kwa hiyo unapolitamka neno "kupotea", umekwisha kuchagua unasimama wapi mtoni. Mhaidrolojia atakwambia kiasi kilichovuja. Mwanasheria atakwambia nani ana kibali. Mwanahistoria ataeleza shamba hilo lilipatikanaje, na mchumi atahesabu ajira za wasichana wanaofunga maua. Wote watakuwa wamesema kweli, na bado hakuna aliyejibu nani afungue maji leo usiku.

Hapo mwanateolojia naye ana kiti, na ninasisitiza kimoja tu. Anaweza kuuliza kwa nini kilio cha aliye chini ya mto kisikilizwe kwanza, na kutetea jibu lake kwa hoja. Hawezi kusema bomba liwe na kipenyo gani. Mwaka 1970 Nyerere aliwaambia masista wa Maryknoll, New York, kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, watu wataliona halina maana kwao. Aliwaambia watawa waliokuja kumsikia rais Mkatoliki wakitegemea, nadhani, kusifiwa.

Baadhi yenu ni Waislamu, wengine Walutheri, Wapentekoste, na wapo wasio na dini ila hawajawaambia nyumbani. Kozi hizi hazikutungwa ili muwe Wakatoliki. Mtasoma Augustino, Mwafrika wa Tagaste aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo sasa ni Algeria, kwa sababu alijua kutafuta na alijua kujihoji. Mtakayemkataa mkataeni kwa hoja. Ninachoomba kutoka kwa Mwislamu darasani ni kilekile ninachoomba kutoka kwa mseminari: aeleze imani yake kwa namna ambayo asiyeiamini ataielewa, kisha asikilize anachojibiwa. Mseminari ndiye hupata shida zaidi. Na vukeni barabara. Makumira ya Walutheri iko Usa River, chuo cha Wasabato hakiko mbali nayo, Nelson Mandela iko Tengeru. Daladala inawafikisha kote huko kwa nauli ya soda.

Limebaki suala la lugha, nalo lina kasoro ambayo hatujaitatua. Mtafundishwa kwa Kiingereza na mtajibu mitihani kwa Kiingereza, wakati mabishano yote niliyoyataja yanafanyika kwa Kiswahili, Kimeru au Kimaasai, chini ya mti, mbele ya wazee ambao ukianza bila shikamoo hawatasikia lililofuata. Mhitimu anayeweza kueleza floridi kwenye semina na kushindwa kuieleza kwenye mkutano wa kijiji amepewa nusu ya elimu. Ndiyo sababu kazi ya kwanza ya semista hii ina kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wa Kiingereza, kwa ajili yangu: kiwango cha miligramu 8 cha mwaka 1974 kilikuwa cha haki? Wa pili ni wa Kiswahili, kwa ajili ya mkutano wa kijiji ambao wewe umetumwa kuutangazia kwamba kisima chao kina miligramu 5 na hakuna kingine karibu. Andika utakayowaambia, pamoja na utakalojibu mama mmoja akisimama na kuuliza, "Sasa mwanangu, leo tunywe nini?" Ukurasa wa Kiswahili una alama nyingi zaidi. Zote mbili ziletwe Ijumaa ya wiki ya pili, kwa mkono, kabla ya saa nane mchana, na desa la kazi hii bado halijatoka.